Panya walipona, fundi wa Ujiji je? Uchambuzi wa kisa cha jicho la pili

"Mjomba, panya wamepona. Dawa ipo, tatizo ni pesa tu."

Ujumbe huo uliingia kwenye simu ya fundi mmoja wa mitumbwi wa Ujiji akiwa amekaa mbele yetu, kliniki ya macho mjini Kigoma. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa limeanza kufuata. Aliyeutuma ni mtoto wa dada yake anayesoma chuo Dodoma. Alikuwa amesoma utafiti kuhusu kingamwili, protini ya kinga inayotumika kama dawa, iliyowazuia panya wa maabara wasipofuke kwa ugonjwa unaofanana na wa mjomba wake, na nyumbani walikuwa wameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chao cha mtaa wa Mwanga ili kuilipia. Fundi alinipa simu nisome mwenyewe. "Dokta, huyu kijana ana akili sana, lakini mimi ni panya?"

Kwa swali hilo nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu, kwa ajili ya wenzangu wa vituo vya pembezoni na kwa yeyote aliyewahi kutumiwa ujumbe wa aina hiyo na ndugu msomi.

Fundi ana miaka 43. Miezi kama miwili kabla ya siku hiyo alikuwa akipigilia ubao wa ubavuni mwa mtumbwi. Nyundo ikateleza, msumari ukaruka na kumchoma jicho la kushoto. Alipofikishwa hospitali, sehemu ya airisi, ile ngozi ya ndani yenye rangi, ilikuwa imechungulia nje ya jeraha. Jicho lilishonwa vizuri na halikutunga usaha, ila uoni haukurudi, na taratibu likaanza kusinyaa. Akalifunika kwa kitambaa akarudi kwenye mitumbwi yake, maana wavuvi wa dagaa hawasubiri jicho la mtu lipone.

Aliporudi kwetu hakuja kwa ajili ya kidonda hicho. Alikuja kwa sababu haoni mstari wa penseli anaouchora mwenyewe juu ya ubao. Mbali alikuwa anaona vizuri: milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa aliiona siku za mbingu safi. Namba za futi ndizo zilizomkimbia. Akahesabu umri wake, akaenda sokoni, akanunua miwani ya kusomea, na kwa siku chache ikamsaidia. Hesabu hiyo haikuwa ya kijinga. Ukivuka 40 macho ya karibu hulegea kweli, na hata mhudumu wa afya mwenye foleni ndefu angeikubali. Lakini uzee wa macho huja kwa miaka, hauji kwa wiki mbili, wala hauji pamoja na kuumizwa na mwanga na kuona vitu vyeusi vinavyoelea. Kwa mtu aliyewahi kutobolewa jicho moja, kushindwa ghafla kusoma karibu kwa jicho la pili ni dalili ya hatari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama utachukua jambo moja tu la kliniki kutoka kwenye kisa hiki, chukua hilo.

Chini ya darubini ya macho, jicho la kulia lilieleza habari yake lenyewe. Ukipitisha mwale mwembamba wa mwanga kwenye maji ya mbele ya jicho, maji hayo yanatakiwa yawe meusi na matupu. Yake yalikuwa na chembe ndogo nyeupe zinazopanda na kushuka polepole, kama vumbi ndani ya mstari wa jua unaopenya tundu la bati. Nyuma ya kioo cha jicho kulikuwa na madoa manene yenye rangi ya mafuta yaliyoganda. Tulipoweka matone ya kupanua mboni, mboni ilifunguka upande wa juu tu. Chini ilikuwa imeshanata kwenye lenzi. Nyuma kabisa, mahali mshipa wa fahamu unapoingilia jicho palikuwa pamevimba, na pembezoni mwa retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, palitapakaa vidoa vya njano hafifu. Alisoma 6/24, yaani akiwa mita 6 anaona kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 24. Jicho la kushoto halikuona hata mwanga wa tochi.

Ugonjwa huu unajulikana kwa madaktari tangu zamani: jicho zima kuugua kwa sababu ya lile lililotobolewa. Ni nadra. Visa vingi huanza ndani ya miezi mitatu baada ya jeraha, na takriban tisa kati ya kumi huwa vimeshaanza kabla mwaka haujaisha, ingawa vipo vilivyosubiri miongo. Louis Braille, Mfaransa aliyewabunia wasioona maandishi ya nukta, alijichoma jicho moja akiwa na miaka 3 katika karakana ya ngozi ya baba yake, na kufikia miaka 5 alikuwa hana jicho linaloona. Wengi wa wanaochunguza historia yake wanaamini ni ugonjwa huu huu.

Kwa nini jicho la pili? Ndani ya retina kuna protini ambazo kwa kawaida haziingii kwenye mzunguko wa damu. Kuta za mishipa ya jicho ni ngumu kupenyeka na jicho lenyewe lina desturi ya kutuliza mapambano ya kinga, kwa hiyo seli za kinga huishi maisha yao yote bila kukutana vizuri na protini hizo. Jeraha linapozitoa nje, zinafikishwa kwenye tezi, na seli aina ya T zinajifunza kuziona kuwa ni adui. Zikishajifunza hazichagui kushoto wala kulia. Zinaingia kwenye damu na kulitafuta kila jicho lenye protini hiyo.

Hapa ndipo wanyama wa maabara wanapoingia, na tuwape haki yao: bila wao tusingelijua hilo. Mwaka 1977 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba simbilisi waliodungwa protini moja ya retina, antijeni S, wanapata uvimbe ndani ya macho yote mawili, ingawa sindano haikukaribia jicho. Mwaka 1988 kundi la Rachel Caspi kwenye Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani lilifanya hivyo kwa panya wadogo kwa kutumia protini nyingine iitwayo IRBP. Tangu hapo panya huyo ndiye uwanja wa majaribio wa karibu kila dawa ya yuveitisi, yaani uvimbe wa tabaka la kati la jicho. Ukichukua seli T za panya mgonjwa ukampa panya mzima wa ukoo huo huo, naye anaugua. Ukimpa maji ya damu yenye kingamwili, haugui. Kwa hiyo katika ugonjwa huu kingamwili za mgonjwa mwenyewe si mkosaji mkuu. Zile zinazotumika kama dawa ni kitu kingine: zimetengenezwa kiwandani ili zikamate ujumbe mmoja tu wa kemikali ambao seli hizo hutumiana.

Mpwa wa fundi alikuwa amesoma kuhusu ujumbe unaoitwa interlukini-17. Kwa panya, kuukamata kwa kingamwili kunazuia ugonjwa na hata kuurudisha nyuma. Hayo ni kweli, hakudanganywa. Ambacho hakukifikia ni kilichofuata. Kingamwili ya aina hiyo iitwayo sekukinumabu ilipelekwa kwa binadamu wenye yuveitisi katika majaribio matatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba lengo kuu halikufikiwa hata katika moja.

Ilikuwaje? Jibu moja lilikuwa limeshatolewa na panya wale wale. Mwaka 2008 kundi la Caspi lilichapisha kazi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa udaktari aisome. Ukimwanzishia panya ugonjwa kwa njia ya kawaida, ya protini iliyochanganywa na kichocheo, interlukini-17 ndiyo inayoongoza vita. Ukimwanzishia panya wa aina hiyo hiyo ugonjwa kwa kumpandikiza seli maalumu zilizobebeshwa protini hiyo hiyo, vita vinaongozwa na ujumbe mwingine, interferoni gama. Macho yanavimba vilevile, lakini njia mbili zimefika hapo. Dawa inayofunga njia ya kwanza haina kazi kwenye ya pili. Na kuna la kushangaza zaidi: mwaka 1994 kundi hilo hilo lilikuwa limeonyesha kwamba panya wa njia ya kawaida wakipewa kingamwili dhidi ya interferoni gama, macho yao yanazidi kuharibika. Ujumbe uliodhaniwa kuwa adui ulikuwa unalinda.

Sasa umtazame fundi. Panya wa maabara ni ndugu wa damu moja vizazi na vizazi, wote wanafanana. Mtafiti anajua ugonjwa ulianza lini, kwa sababu aliuanzisha mwenyewe Jumatatu asubuhi. Anajua protini ipi. Na kingamwili mara nyingi inadungwa siku hiyo hiyo au siku chache baadaye, kabla jicho halijaonyesha chochote, maana uvimbe wenyewe kwa kawaida huchelewa siku kumi hadi kumi na nne. Kuzuia na kutibu ni kazi mbili tofauti. Fundi tulimkuta katikati ya ugonjwa, mboni imeshanata, njia iliyoongoza vita vyake haijulikani. Ndiyo maana nikisoma utafiti wa panya, macho yangu yanaruka kichwa cha habari na kutafuta sentensi moja tu: kingamwili ilidungwa siku ya ngapi? Kama ni siku ya sifuri, ninasoma kwa faida ya elimu. Kama ni baada ya jicho kuvimba, ninakaa vizuri kitini.

Nisieleweke kwamba panya hawana faida kwa mgonjwa. Wakati mwingine safari ya kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa imefika mpaka mwisho. Siklosporini, dawa ya kutuliza kinga, ilizuia ugonjwa kwa panya mwaka 1981, na kufikia 1983 Robert Nussenblatt na wenzake walikuwa wameshatoa taarifa ya wagonjwa waliosaidika. Daklizumabu, ambayo ni kingamwili, ilipita kwa tumbili mwaka 1997, na mwaka 1999 ikawadhibitia ugonjwa wagonjwa 8 kati ya 10. Baadaye iliondolewa sokoni, mwaka 2018, kwa sababu ya madhara kwenye ubongo kwa waliokuwa wakiitumia kwa ugonjwa mwingine. Ndivyo safari hizi zilivyo.

Kingamwili iliyofika na kukaa ni adalimumabu, inayokamata ujumbe uitwao TNF. Katika jaribio la wagonjwa 217 lililochapishwa mwaka 2016, ilipofika wiki ya 13 tiba ilikuwa imeshashindwa kwa nusu ya waliopewa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Kwa waliopewa adalimumabu hali hiyo ilifika wiki ya 24. Mwaka huo huo Marekani iliiruhusu kwa yuveitisi isiyotokana na vijidudu. Soma tena takwimu hizo kwa utulivu: ni msaada wa kweli, ila hata upande wa dawa, kwa zaidi ya nusu tiba ilishindwa hatimaye. Neno la kijana, "wamepona", halipo popote katika matokeo hayo.

Kwa hiyo, kama familia ingeuliza dawa gani ya kingamwili, jibu lingekuwa hiyo, si ile ya interlukini-17. Na haipatikani Ulaya tu. India ilianza kuuza nakala yake tangu Desemba 2014, na bei si ile ya miaka ya mwanzo. Kinachobaki ni kwamba hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, hudungwa kila baada ya wiki mbili kwa miezi au miaka, na ikitoka kwenye friji huvumilia siku 14 tu, tena kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Kwa mchana wa Kigoma hiyo ni ahadi ngumu. Kiwanja cha Mwanga kingenunua sindano kadhaa, kisha kiwanja kingeisha na ugonjwa ungebaki.

Hata hivyo si bei iliyotuzuia. Ni kifua kikuu.

Mdogo wake fundi, wanayeishi naye nyumba moja, alikuwa amemaliza dozi ya TB mwaka uliotangulia. Ulipotajwa ugonjwa huo, mama mkwe wake, aliyekuwa amemsindikiza, aliuliza kama panya tunaowazungumzia ni wale wa Morogoro wanaonusa makohozi kutafuta TB. Watu walicheka, lakini alikuwa karibu na jambo lenyewe kuliko alivyodhani. Kichocheo kinachochanganywa na protini ili panya wa maabara augue macho kina vimelea vya kifua kikuu vilivyouawa. Mara nyingi huongezwa na sumu ya kifaduro. Bila msukumo huo, panya wengi hawaugui kabisa: seli zao zinaiona protini na kuipuuza. Maabara za Marekani na Ulaya zinauleta ugonjwa wetu kwa chupa ili ziuamshe ugonjwa wa kinga. Sisi tunaishi nao. Kwetu, mgonjwa mwenye yuveitisi anaweza kuwa na TB ya jicho yenyewe, au kaswende, au virusi vya mkanda wa jeshi, au toksoplasma, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuonekana chini ya darubini kama kinga iliyojigeuka. Na TNF ambayo adalimumabu inaikamata ndiyo inayosaidia kuvifungia vimelea vya TB vilivyolala mapafuni. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 walioamkiwa na TB baada ya kupewa infliximabu, dada wa adalimumabu, wengi wao ndani ya miezi michache.

Panya wa Caspi hajawahi kuishi na mdogo wake mwenye kikohozi.

Tuliyoyafanya hayakuwa na mvuto wa kusimulia mtandaoni. Kipimo cha kaswende na cha VVU vilikuwa safi. Picha ya kifua ilikuwa safi, na makohozi yaliyopitishwa kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB, hayakuonyesha kitu. Kipimo cha TB cha ngozi kilivimba, kwa hiyo vimelea viliwahi kuingia na huenda vimelala. Sukari na presha vilikuwa sawa. Kabla ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga, ya kiwango kikubwa tulimpa ivermektini, dawa ya minyoo. Kuna mnyoo uitwao strongiloidi unaoweza kukaa tumboni kimya miaka mingi, na ukipewa nafasi na steroidi unazaliana na kuua. Kwenye vitabu vya nchi zisizo na joto hatua hiyo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Hapa kwetu iandikwe juu.

Kisha prednisoloni, steroidi ya kumeza, miligramu 60 kwa siku, matone ya steroidi kila saa akiwa macho, na atropini ili kuibandua mboni. Pamoja nayo tulianza methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, kwa sababu steroidi peke yake huleta unafuu halafu hudai malipo kwenye mifupa, sukari na lenzi. Uchaguzi huo haukuwa wa kimaskini. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 216, wengi wao wa India, uliolinganisha methotreksati na mikofenolati iliyo ghali zaidi. Baada ya miezi sita, methotreksati iliwadhibitia ugonjwa asilimia 67 ya waliohesabiwa, mikofenolati asilimia 57, na tofauti hiyo haikutosha kusema moja imeishinda nyingine. Utafiti huo unamfaa fundi kuliko wa panya yeyote.

Kinga ya TB ndiyo iliyotuumiza kichwa. Ile dozi fupi ya mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu ina rifapentini, ambayo huifanya prednisoloni itoke mwilini haraka, yaani ungekuwa unampa steroidi kwa mkono huu na kumnyang'anya kwa mwingine. Tukachagua isoniazidi kwa miezi sita pamoja na vitamini B6. Lakini isoniazidi na methotreksati zote huchosha ini. Fundi ni mtu wa swala, pombe haijui, hilo likatupa nafasi ya kupumua. Bado vipimo vya ini vilipangwa kila mwezi, na mkewe ndiye aliyekabidhiwa kalenda. Nilimwonyesha kidonge cha methotreksati nikamwambia, mama, hiki ni cha Ijumaa tu. Akijisikia vibaya Jumanne asikiguse, akijisikia vizuri Jumanne asikiguse. Methotreksati ikimezwa kila siku kwa makosa inaua, na makosa hayo hutokea mahali ambapo kila dawa nyingine ni ya kutwa mara tatu.

Lilibaki jicho la kushoto. Zamani lililotobolewa liliondolewa ndani ya wiki mbili ili kulinda zima. Baada ya ugonjwa kushika la pili, faida ya kuliondoa inabishaniwa hadi leo, na kama lina uoni wowote usiliguse, kwa kuwa linaweza kuishia kuwa ndilo zuri. La fundi halikuwa na uoni. Tulimweleza yote mawili. Akasema atazikwa nalo. Sikubishana.

Mpwa wake nilizungumza naye kwa simu, kwa spika, mjomba wake akisikia. Alikuwa amejiandaa kubishana na daktari wa mkoani asiyesoma, na haki yake. Nilimuuliza panya wake walidungwa siku ya ngapi. Akakaa kimya, nikasikia anapekua karatasi. "Siku ya kwanza, dokta. Kabla hawajaugua." Kisha akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile: kama mjomba angepewa kingamwili siku aliyoumia na msumari, je? Nilimwambia kwamba hapo angekuwa amefanana na panya, ila kati ya watu wanaotobolewa macho ni wachache mno wanaopata ugonjwa huu, na huwezi kuwadunga wote dawa inayoamsha TB. Mjomba mtu akaingilia: "Basi kiwanja kibaki."

Ndani ya wiki ya kwanza mwanga uliacha kumuumiza. Mboni haikubanduka yote. Imebaki na kona upande wa chini. Mwezi wa tatu jicho la kulia lilisoma 6/9, chembe zimekwisha, vidoa vya retina vimeacha makovu meupe, na uso umevimba kwa steroidi kiasi kwamba wenzake Kibirizi wanamtania kuwa ameukata. Miwani ya sokoni anaivaa bado. Safari hii ni ya umri kweli.

Prednisoloni inashushwa polepole, lengo likiwa miligramu 7.5 kwa siku au chini yake. Chembe zikirudi kabla ya kufika hapo huku methotreksati ikiwa kwenye kiwango kamili, rufaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya adalimumabu itaandikwa, na kwenye barua hiyo mstari wa kwanza utakuwa tarehe aliyomaliza isoniazidi.